Siku Nzima kwa Miguu Katikati ya Dar es Salaam: Mwongozo wa Kutembea na Wenzako

Wakazi wengi wa Dar wanaijua katikati ya jiji lao kupitia dirisha la daladala. Unashuka Posta, unaingia ofisini au benki, unamaliza shida yako, unawahi usafiri kabla foleni haijakolea. Ndugu akija kutoka Mbeya au Kigoma anapelekwa Mlimani City na ufukweni, basi. Nasikitika kila nikiona hivyo, kwa sababu sehemu yote iliyoubeba mji huu tangu mwanzo, kutoka Feri hadi Kariakoo, ni ndogo. Ukiikata moja kwa moja ni mwendo wa kama saa moja. Ukiitembea kwa haki yake ni siku nzima.

Kuna jambo ambalo miguu hukuonyesha na gari haliwezi. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na wakaugawa mji kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa kila upande. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huohuo. Ndipo tukawa na Uzunguni karibu na bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini kule Kariakoo. Sheria hizo zimekufa zamani, lakini ukitembea unahisi kabisa mahali mkanda mmoja unapoishia na mwingine unapoanza: kivuli kinapungua, barabara inakuwa nyembamba, kelele inapanda. Njia ninayoieleza hapa inavuka mikanda yote mitatu. Ni kama kilomita saba au nane pamoja na kuzungukazunguka, na saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili.

Panga watu kwanza, njia baadaye

Kundi zuri ni la watu wanne hadi sita. Mkizidi wanane, kila kuvuka barabara kunakuwa shughuli: watatu wamevuka, wawili wanasubiri, mmoja kaingia duka la simu. Kama ni wengi, gawanyikeni makundi mawili yenye kiongozi wake kila moja, mkutane sehemu za kupumzika.

Gawaneni kazi tatu. Mmoja anatangulia, na huyu lazima awe anaijua njia au ameisoma jana yake. Mmoja anafunga mkia, na wa mkia hampiti mtu yeyote, hata akichoshwa na mwendo. Wa tatu anashika mfuko. Kila mtu achange kiasi kilekile asubuhi, na mshika mfuko alipe chai, viingilio, maji na choo. Faida yake ni mbili: hakuna ubishi wa nani alilipa nini, na pochi tano hazitolewi hadharani kila baada ya nusu saa. Mshika mfuko abebe chenji nyingi, noti za elfu moja na elfu mbili na sarafu. Muuza madafu hana chenji ya elfu kumi saa mbili asubuhi.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye taratibu kuliko wote. Kama mko na mama mkubwa au mtoto wa miaka saba, yeye ndiye anayetembea nyuma ya kiongozi, siyo mwisho. Mtu mzima akiachwa nyuma hatalalamika, atajikaza tu mpaka magoti yakatae, na siku inaharibika saa sita mchana. Usimuulize, "Umechoka, shangazi?" kwa sababu jibu ni "Hapana mwanangu" siku zote. Sema, "Tukae hapa kivulini kidogo," kila mtu akae.

Mkubaliane pia mahali pa kukutana mtu akipotea. Nusu ya kwanza ya siku iwe Sanamu ya Askari, nusu ya pili iwe Mnara wa Saa. Kila dereva wa bajaji na kila muuza magazeti anazijua sehemu hizo mbili.

Siku gani, na ubebe nini

Mimi huchagua Jumamosi. Wafanyakazi wa serikali hawapo, barabara za Posta zinapumua, na Kariakoo bado iko kazini. Jumapili mji ni mtulivu zaidi lakini maduka mengi yamefungwa na makanisani kuna ibada. Ijumaa si mbaya, ila panga kwamba kuanzia saa sita mchana watu wanaelekea msikitini na mitaa ya Uhindini inajaa.

Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mizuri kwa miguu: joto limepungua na upepo wa kusi unavuma. Januari hadi Machi jua ni kali kwelikweli, na masika ya Machi hadi Mei yanaweza kuigeuza mitaa kuwa mito.

Viatu viwe vya kufunga na visivyoteleza, maana siku inaanza kwenye sakafu ya soko la samaki. Nguo nyepesi, za heshima, zinazofunika magoti, kwa kuwa mtaingia kanisani na kupita mbele ya misikiti. Kila mtu awe na chupa ya maji. Beba kanga moja au mbili: utajifunika kichwa jua likizidi, utakalia bustanini, utamfunika mtoto akisinzia. Kitambulisho ni muhimu kwa sababu Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Vito viache nyumbani.

Saa 12.30 asubuhi: Feri

Pandeni basi la mwendokasi mpaka kituo cha mwisho, Kivukoni. Ukishuka tu, pua itakuongoza sokoni.

Soko la Samaki la Feri ndiyo sababu ya kuamka mapema. Boti zimerudi na mnada umeanza. Dalali anamwaga samaki juu ya meza, anataja bei ya kuanzia kwa sauti ya haraka, na wanunuzi wanaongeza kwa neno moja au kwa kunyanyua kidole. Wanunuzi hao ni mama lishe wenye ndoo, wachuuzi wa mitaani wenye baiskeli na pikipiki, na watu wa hoteli. Simameni pembeni mwangalie minada mitatu minne mpaka muuone mtiririko wake. Msiinue mkono hovyo.

Waonyeshe wenzako majina: changu mwekundu, kibua wa bei nafuu aliyelisha nusu ya jiji hili, nguru mrefu, jodari, tasi, chewa mwenye mdomo mkubwa, na pweza wakiwa ndani ya ndoo. Mfundishe mtoto kumtambua samaki aliyevuliwa usiku huohuo: jicho linang'aa na limetuna, matamvua ni mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama inarudi palepale. Jicho likizama na kuwa na ukungu, huyo amekaa. Lakini msinunue samaki mbichi. Mtazunguka naye juani siku nzima.

Adabu za pale ni chache na ni za lazima. Ukisikia "Pisha!" nyuma yako, sogea kwanza, geuka baadaye: mchukuzi ana kreti lenye maji na barafu kichwani na hawezi kusimama ghafla. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Anza na salamu, kisha "Samahani kaka, naomba kupiga picha ya samaki wako." Wengi hukubali. Akikataa, mshukuru uendelee. Na kamera isielekezwe Ikulu, iliyo jirani hapo Magogoni, wala kwa askari wa ulinzi. Katika hilo hakuna kujadiliana.

Kifungua kinywa kipo hapohapo: samaki wa kukaangwa mbele yako, supu, chapati, chai ya rangi. Kaeni, mle kwa utulivu. Mtu aliyekula vizuri saa moja na nusu hatasumbua mpaka saa sita.

Kama mna mtoto, mpeleke kidogo kwenye kingo za maji akaone pantoni inavyoenda na kurudi Kigamboni. Kuvuka kunachukua dakika chache tu, lakini foleni ya kurudi inaweza kula asubuhi yenu yote, kwa hiyo Kigamboni iwekeeni siku yake.

Saa 2: Bustani na Makumbusho

Fuateni Barabara ya Kivukoni, bandari ikiwa mkono wa kushoto, kisha pandeni Mtaa wa Shaaban Robert. Hapa ndipo Uzunguni ya zamani. Angalieni upana wa barabara, nyumba zilivyokaa mbalimbali, na miti mikubwa iliyopandwa kwa makusudi. Kivuli kilikuwa sehemu ya upendeleo. Inapendeza kwamba leo barabara hii ina jina la mshairi Mswahili aliyezaliwa Tanga.

Makumbusho hayafunguliwi alfajiri, kwa hiyo nendeni kwanza Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa kujaribu mimea ya mashambani. Ni ndogo kuliko ilivyokuwa, imemegwa miaka kwa miaka, lakini ndiyo sehemu tulivu kuliko zote mtakazopita leo. Wakati mwingine mtakutana na tausi wakitembea kwa raha zao. Karibu yake ni Ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikuwa likikaa zamani. Tandikeni kanga, pumzikeni.

Kisha Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940. Toeni saa moja na nusu, siyo zaidi, kwani miguu huchoka haraka kwa kusimama kuliko kwa kutembea. Mambo ya kutangulia ni haya: habari za chimbuko la mwanadamu, pamoja na fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, la kiumbe aliyeishi miaka kama milioni 1.75 iliyopita, vitu vya Kilwa, maana pwani yetu ilikuwa ikifanya biashara na Uajemi na China karne nyingi kabla ya Mzungu kuja, na magari yaliyowabeba viongozi wa nchi, ambayo watoto huyapenda kuliko mifupa yote. Kuna pia ukumbusho wa waliokufa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 1998. Pale mtulie, kwa sababu kuna watu mjini hapa ambao ule ni msiba wao.

Msitake kusoma kila kibao. Kila mmoja achague kitu kimoja kilichomgusa, aje awaelezee wenzake nje. Mazungumzo hayo hukaa kichwani kuliko vibao mia.

Saa 4.30: Samora, Askari na mstari wa bahari

Tembeeni Barabara ya Samora mkielekea kusini magharibi, upande wenye kivuli. Usione aibu kuvuka mara tatu kukifuata. Njiani mtapata wauza vitabu vya mitumba na magazeti, na madafu kwenye baiskeli. Nunueni dafu sasa, kabla kiu haijawashika.

Katikati ya mzunguko amesimama Askari, sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambayo Waingereza waliing'oa walipouteka mji mwaka 1916. Maandishi yaliyo chini yake ni ya Kiingereza na Kiswahili cha enzi zile. Mwenye sauti nzuri kati yenu awasomee wengine Kiswahili chake. Na mkumbuke kwamba nyuma ya kila askari mwenye bunduki kulikuwa na wapagazi wengi waliobeba chakula na risasi kwa miguu, na waliokufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jioni mtafika mahali walipopiga kambi.

Kutoka Askari shukeni Barabara ya Azikiwe mpaka baharini. Kanisa la Azania Front, la Kilutheri, lilijengwa kati ya 1898 na 1902. Mnara wake na paa la vigae vyekundu ndivyo abiria wa meli walivyoviona kwanza kwa miongo mingi. Endeleeni na Barabara ya Sokoine hadi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa 1897. Ingieni ndani mkae dakika kumi bila kusema. Nje kuna jua na honi, ndani kuna ubaridi na mwanga wa vioo vya rangi. Jumamosi kuna harusi. Mkikuta misa, kaeni viti vya nyuma au subirini nje.

Mbele ya kanisa ndiko ziliko boti za Zanzibar, na wapiga debe hawatawaacha mpite. "Asante kaka, leo hatusafiri" inatosha. Msisimame kueleza.

Mbele kidogo kuna majengo mawili ambayo watu hupita bila kugeuza shingo. La kwanza ni Atiman House, lenye jina la Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasoma utabibu na kuwatibu watu wa Karema kando ya Ziwa Tanganyika maisha yake yote. La pili ni Boma la Kale, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro, lililojengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Yeye ndiye aliyeamua kujenga mji hapa, penye kijiji cha Mzizima. Wekeni viganja ukutani. Ni matumbawe, mawe ya bahari, na unene wake ndio uliozuia joto kabla ya feni kuwepo. Tazameni na mlango wa nakshi.

Saa 6: chakula na mapumziko Uhindini

Kutoka Boma pandeni Barabara ya Morogoro. Baada ya mitaa miwili mitatu mtaona mji umebadilika: maghorofa yamebanana, chini duka, juu makazi, roshani zinaning'inia juu ya njia. Hii ni Uhindini, mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi, Mosque na Kisutu.

Hapa inueni macho. Juu kabisa ya majengo ya zamani, kwenye paji la ukuta, mwenye nyumba aliandika jina la familia na mwaka wa kujenga, mengi yakiwa ya miaka ya 1920 na 1930. Wape watoto mashindano ya kutafuta mwaka wa zamani kuliko yote. Fanyeni haraka, kwa kuwa majengo haya yanabomolewa kila mwaka kupisha minara ya vioo, na mengine yanaondoka bila hata mtu kuyapiga picha. Hilo linaniuma.

Chakula ni kingi. Mkitaka kukaa kwenye feni, ingieni hoteli ya biriani na pilau. Mkitaka vitafunwa, kuna sambusa, kachori na badia zenye chatini ya nazi. Mkitaka kushiba kwa fedha kidogo, ulizeni mama lishe yuko wapi: wali maharage, samaki wa nazi, mchicha. Agizeni sahani tofauti mgawane.

Kisha msitoke. Kuanzia saa 6.30 mpaka saa 9 jua la Dar si la kutembea, na kundi linalolazimisha muda huo ndilo linaloishia kununiana. Wanaoswali waende kuswali, wengine wachaji simu, mtoto alale. Mwulize mwenye hoteli choo kilipo kabla ya kuondoka, kwa sababu mbele mtategemea vyoo vya kulipia.

Saa 9: Mnazi Mmoja

Piteni Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar ilipopewa hadhi ya jiji, kisha fuateni Mtaa wa Uhuru kuelekea Mnazi Mmoja. Kuvuka Barabara ya Bibi Titi ndiyo hatari kubwa ya siku nzima, na popote penye njia ya mwendokasi ni hivyohivyo. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana pikipiki huja upande usiotegemea. Vukeni wote pamoja, watoto wameshikwa kifundo cha mkono, siyo vidole.

Uwanja huu wa wazi uliachwa kwa makusudi na wakoloni kuitenga Uswahilini na mitaa mingine, kwa kisingizio cha afya. Wananchi wakaugeuza kuwa uwanja wao wa mikutano. Ng'ambo yake ni Mtaa wa Lumumba, na ni eneo hilo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Simameni katikati, mgeuke mlikotoka na mnakokwenda. Mtaielewa ramani ya jiji bila kufungua simu.

Saa 10: Kariakoo

Kabla ya kuingia, simu zote ziende mfuko wa mbele, mabegi yaje kifuani, na mshika mfuko agawe fedha mara mbili, nusu abaki nazo, nusu apewe wa mkia. Tembeeni mstari mmoja. Anayetaka kutazama kitu aseme, wote wasimame. Asibaki peke yake. Vibaka wapo, lakini wanamtafuta aliyezubaa.

Msijaribu kuimaliza. Chagueni mambo mawili. La kwanza ni kanga na vitenge vya Mtaa wa Uhuru: duka limejaa hadi dari, na muuzaji anakunjua doti moja baada ya nyingine akisoma maandishi yake kwa sauti. Kama kila mama kwenye kundi anataka doti, nunueni kwa pamoja mwombe bei ya jumla. Mtapunguziwa kuliko kila mmoja akipatana peke yake.

La pili ni jengo la soko lenyewe, kazi ya msanifu Mtanzania Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Tazameni paa lake la zege, mfano wa miavuli iliyogeuzwa juu chini. Ni hapa Kariakoo wale wapagazi wa vita walipopiga kambi, nanyi mmetoka kusoma ukumbusho wa wenzao asubuhi, mkaja kwa miguu.

Saa moja inatosha. Malizieni na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, au kahawa chungu na kashata kwenye kibaraza.

Kurudi

Kituo cha mwendokasi cha Gerezani kiko karibu. Ondokeni kabla ya saa 11.30, kwa kuwa baada ya hapo abiria ni wengi mno na mtu mzima hatapata kiti. Mshika mfuko atoe hesabu mkiwa bado pamoja, kilichobaki kigawiwe au kiwe nauli ya bajaji kwa anayeishi mbali. Waliobaki na nguvu wanaweza kuchukua bajaji hadi ufukwe wa Coco kula mihogo ya kuchoma na mishkaki. Mpatane bei na dereva kabla ya kupanda, na mjue kwamba bahari yetu iko mashariki: jua litazama nyuma yenu, upande wa nyumba, kwa hiyo anayetaka picha ya machweo ageuzie bahari mgongo.